Metrine Naswa na Mashamba Yaliyosubiri

Alhamisi, tarehe 11 Mei 2023, saiba ya Metrine Naswa, duka lake la intaneti katika mtaa wa Manyatta, Kisumu, haikufunguliwa kwa wateja wa kawaida. Hilo limethibitishwa: muuza chapati wa jirani na fundi viatu anayeketi mkabala na mlango, waliohojiwa kila mmoja peke yake, wanakubaliana kwamba mlango ulirudishwa nusu mchana kutwa, na kwamba ndani kulikuwa na mgeni wa kike kutoka Nairobi. Yote yanayofuata yametoka vinywani mwa watu waliokuwa na sababu ya kujitetea, na yasomwe hivyo.

Metrine alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita. Alizaliwa Port Victoria, kwa mama aliyenunua samaki ufukoni na kuwasafirisha hadi Busia mjini. Familia hiyo haikulima. Unga ulinunuliwa dukani kama sabuni. Mafunzo aliyoyapata utotoni yalikuwa ya sokoni. Samaki wanapopimwa, mama yake alimwambia, usiikodolee macho mizani, tazama vidole vya anayepima. Alikuja Kisumu na tabia hiyo, akauza vipuri vya simu kwa miaka kadhaa, kisha akafungua saiba ya kompyuta nane. Wateja walimpa jina la Nyar Port, yaani binti wa Port, na walitania kwamba huwezi kupiga chafya mle ndani bila Nyar Port kugeuka kuona kama ni chafya ya kweli.

Mwishoni mwa mwaka 2022, kampuni changa ya Nairobi, ambayo haitatajwa hapa, ilikuwa ikitengeneza mchezo wa kompyuta ulioitwa Falme za Matete. Ulikuwa mchezo wa mikakati katika nchi ya kubuni. Kila mchezaji hutawala boma lenye nyumba tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na kila nyumba ina shamba lake. Nafaka hulisha askari, na askari, ambao hupanda viboko migongoni, hulilinda boma dhidi ya joka litokalo majini. Anayepanda mapema hupata jeshi mapema. Kabla ya kuuza mchezo huo, kampuni ilitafuta watu wa kuucheza katika toleo la majaribio na kutoa maoni yao kila wiki. Metrine aliombwa kuwakusanya watu wa Kisumu na kuwasimamia. Yeye mwenyewe pia alicheza.

Alichokitaka kinajulikana, kwa kuwa alimwambia kila mtu. Wachezaji wote wa majaribio waliahidiwa kwamba majina yao yangepita kwenye skrini mwishoni mwa mchezo. Metrine alikuwa amesikia kwamba kampuni nyingine, hata za ng'ambo, husoma majina hayo zinapotafuta wasimamizi wa majaribio. Jina lake likionekana pale, saiba ingeweza kuwa kituo cha kazi hiyo. Lisipoonekana, angebaki kuchapisha vyeti na kujazia watu fomu za serikali.

Maoni ya mwanzo yaliifurahisha kampuni. Byron Ouma, fundi wa pikipiki, aliandika kwamba viboko wanatembea kama wametoka kulewa chang'aa. Winny Achola, mwanafunzi aliyesafiri kutoka Maseno kila Jumamosi, alilalamika kwamba mfalme wa matete ana sauti ya mtangazaji wa matangazo ya vifo. Odongo, mkulima wa mpunga wa Ahero aliyezidi miaka hamsini na ambaye wenzake walimwita Mzee, aliliona joka kuwa dogo. Mafuriko ya kwao, aliandika, yangelibeba. Lakini baada ya majuma machache maoni yakaanza kufanana. Karibu kila mtu wa Kisumu alisema kwamba mvua ya mchezo inakuja mbio mno. Kampuni ikaichelewesha mvua, na hapo wachezaji wa Nakuru na Mombasa wakapiga kelele kwamba sasa wanalala njaa.

Ndipo kampuni ilipoanza kuchunguza jinsi watu wa Kisumu walivyocheza. Ilibainika kwamba, katika akaunti zao zote isipokuwa moja, mashamba ya nyumba ya kati na nyumba ndogo yaliachwa wazi hadi nyumba kubwa ipande. Mbegu zilikuwapo, mvua ilikuwapo, ardhi ilikuwa imelimwa, na bado hakuna aliyepanda. Mchezo haukuwa na kanuni kama hiyo. Kampuni ilihitimisha kwamba mtu mmoja alikuwa akicheza kwa niaba ya wote. Akaunti iliyotofautiana ilikuwa ya Metrine.

Ujumbe wa kampuni ulimfikia Metrine kwa simu mnamo Aprili, ukimwomba aeleze. Hakueleza, aliogopa. Anasema kwamba mtu wa kwanza aliyemshuku alikuwa Byron, kwa kuwa gereji yake iko karibu na alikuwa akiingia saiba hata asipokuwa na zamu. Aliwatenganisha wachezaji, huyu dirishani, yule karibu na mashine ya kuchapisha, akasimama nyuma yao akitazama mikono. Kila mmoja alicheza mwenyewe. Na kila mmoja, mvua iliponyesha, aliondoa mkono kwenye kipanya akasubiri.

"Mbona nyinyi wote mnafanya hivyo?" aliuliza.

"Tunafanya aje?" Byron akajibu.

Alidhani anadhihakiwa. Anakiri kwamba siku zile alianza kusikiza Kijaluo chao kwa makini kuliko awali, akitafuta neno jamwa, ambalo humaanisha mtu asiye Mjaluo, kama yeye. Anasema alilisikia mara moja. Winny anasema halikutamkwa kamwe. Hakuna wa tatu aliyekuwapo.

Kisha Metrine akafanya jambo lililomgharimu. Aliwaambia wachezaji kwamba maoni yao yanafanana mno, na kwamba kuanzia wiki ile kila mtu atafute lake la kusema. Walimtii. Ndani ya wiki moja malalamiko ya mvua yakatoweka, kukawa na maoni kuhusu rangi za ngao, muziki, hata nywele za malkia. Kwa kampuni, badiliko hilo la ghafla lilikuwa ushahidi mzito kuliko kufanana kwenyewe. Walimtuma Kageha, msimamizi wao wa majaribio, aje ajionee.

Kageha alifika asubuhi ya ile Alhamisi. Wote waliomwona wanamweleza kama mwanamke mpole ambaye hakuketi hata mara moja, hata wakati wa kula. Aliwakalisha Byron, Winny na Mzee Odongo kwenye kompyuta tatu zinazotazama kuta tofauti, akaagiza simu zote ziwekwe mezani kwa Metrine, akawaambia waanze upya. Metrine aliambiwa asiseme neno.

Mvua ya mchezo ilipoanza, Byron alikuwa na mbegu katika nyumba ndogo na hakuwa nazo katika nyumba kubwa. Aliegemea kiti.

"Mbona hupandi?" Kageha akauliza.

"Nangoja, Madam."

"Unangoja nini? Mvua ndiyo hiyo."

"Nyumba kubwa haina mbegu bado. Wacha niuze hawa ng'ombe kwanza."

"Lakini nyumba ndogo inazo. Bonyeza hapo tu."

Byron aliinua mkono kwenye kipanya kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. "Bonyeza wewe. Mimi naenda nje kiasi, nitarudi ukimaliza."

Winny, bila kugeuka, aliangua kicheko. "Omera, ndugu yangu, si umwambie tu!"

"Nimwambie nini? Kwani Nairobi hawajui mikayi?"

"Mke wa kwanza, Madam," Mzee Odongo akaingilia kutoka kona yake. "Huyo ndiye anapanda kwanza. Mdogo akimtangulia, chira inaingia hiyo boma. Watu wanakonda tu, wanakonda, mpaka wanaisha."

"Mzee, hawa si watu. Hizi ni picha."

"Najua ni picha. Mkono ndio si picha."

"Na chira haiulizi kama ni kompyuta," Byron akaongeza. "Mimi nina mama wawili nyumbani, Madam. Siwezi."

Kageha alitoka nyuma ya kiti cha Byron. Aliwazungukia wengine wawili. Mashamba yao nayo yalikuwa yakisubiri, mvua ikimwagika juu yake. Kisha akauliza swali ambalo mashahidi wote wanne wanalikumbuka kwa maneno yaleyale: kwa nini katika majuma yote yale hakuna hata mmoja aliyeliandika jambo hili?

"Mliuliza maoni," Winny akasema. "Hii si maoni."

"Na tuliandika mvua iko mbio," Byron akasema. "Si ni hiyo hiyo?"

Metrine hakuweza tena kunyamaza. "Na mimi je? Mimi nilikuwa napanda popote."

"Tulikuwa tunaona, Nyar Port," Winny akasema. "Hiyo boma yako ilikuwa inatuogopesha."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tukuambie, halafu useme tunakuita jamwa?"

Walicheka wote, na Metrine pamoja nao, ingawa anasema alicheka kwa sababu Kageha alikuwa akimtazama. Kageha hakucheka. Alikubali kwamba mikono ilikuwa mingi na kwamba hakuna aliyechezea mwingine. Kisha akamgeukia Metrine akasema kwamba hayo yameeleza mashamba, lakini hayakueleza jinsi watu wazima walivyobadili maoni yao kwa wiki moja kana kwamba wameamriwa.

Metrine alikiri papo hapo kwamba ni yeye aliyewaamuru. Alisema alitaka kuwalinda. Kageha alimjibu, kwa mujibu wa Winny, "Nimekusikia." Kwa mujibu wa Metrine jibu lilikuwa "Nimekuelewa," na tangu siku hiyo amezipima tofauti za maneno hayo mawili mara nyingi kuliko inavyomfaa.

Hapo ndipo ushahidi unapoparaganyika. Kageha alipotoka, Byron alitoka nyuma yake. Muuza chapati anasema wawili hao walisimama mlangoni wakizungumza hadi akageuza chapati kadhaa. Winny, aliyekuwa akichukua simu yake mezani, anasema alisikia jina la Metrine likitajwa, lakini hakumsikia aliyelitaja. Byron anasema alikuwa akimwelekeza mgeni njia. Kageha, aliyehojiwa kwa simu, alisema hakumbuki kuzungumza na mtu yeyote nje ya saiba.

Mchezo ulitolewa Februari 2024. Ndani yake, nyumba ndogo haiwezi kupanda kabla ya kubwa. Anayejaribu huona maandishi mekundu yenye kichwa Sheria ya Mababu, na boma lake hudhoofika kidogo kidogo. Wachezaji wa Kisumu walikusanyika saibani kuyaona majina. Yalipita chini ya mstari wa Kisumu: Winny Achola, Byron Ouma, Odongo, na wengine wote waliowahi kuketi kwenye viti vile. Metrine aliomba yarudishwe. Yakarudishwa. Jina lake halikuwapo.

"Watakuwa wamesahau, Nyar Port," Byron akasema.

Metrine alikuwa bado anatazama skrini. "Yule mama ulimwambia nini pale nje?"

"Nilikuambia. Nilimwonyesha njia ya soko la Kibuye."

"Alikuwa anaenda uwanja wa ndege. Kibuye kufanya nini?"

"Alitaka samaki ya kubeba."

"Huyo hali samaki, Byron. Nilimpikia, akala ugali na mboga."

"Basi alikuwa anapelekea watu wake. Ala! Sasa mtu akinunua samaki ni mimi ninaulizwa?"

"Ninakuuliza wewe kwa sababu ni wewe ulikuwa naye."

Mzee Odongo aliwaomba wanyamaze, akapendekeza wote waandike kwa kampuni kulidai jina hilo. Winny aliandika, na wengine wakaridhia. Byron alisema ataandika lake kivyake. Kama aliandika, hakuna aliyeona. Jibu lilikuja fupi: orodha ilikuwa imetayarishwa na timu nzima, haiwezi kubadilishwa tena, na kampuni inamshukuru Bi Naswa kwa kuukopesha mradi ukumbi wake.

Neno hilo, ukumbi, ndilo Metrine hulirudia kila anapohojiwa. Kampuni nyingine, iliyokuwa imemuulizia wakati wa majaribio, haikumpigia tena. Saiba yake ingali wazi, na huchapisha vyeti. Byron Ouma huipeleka kazi yake ya kuchapisha katika mtaa wa Kondele, ingawa ni mbali zaidi na gereji yake. Anasema bei ya huko ni nafuu. Bei hizo zimelinganishwa kwa ajili ya masimulizi haya. Ni sawa.

Aliyeamua kwamba jina la Metrine Naswa liachwe hajulikani, wala sababu yake. Kilichosemwa kati ya Byron Ouma na Kageha nje ya mlango hakijulikani. Haijulikani hata kama mambo hayo mawili yanahusiana.