Ukurasa wa Mzamiaji

Mimi mtu wa nyumbani. Hata kulala kwa shemeji yangu kule Bustan, kijiji cha jirani tu, naona safari. Kwa hiyo watu walicheka, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipopewa mie karani kazi ya kuandika historia ya kikosi chetu, kilichofundisha marubani wa helikopta za jeshi la majini. Sijapanda hata moja.

Niliwaandika makamanda wote, kisha nikaongeza ukurasa wa mzamiaji wetu, mtu wa kijiji cha Qantab. Wanafunzi walifungwa mikanda ndani ya kizimba, mfano wa helikopta iliyoanguka baharini, kikapinduliwa bwawani, wajifunze kutoka wenyewe. Walioshindwa aliwatoa yeye, akawapigapiga mgongoni mpaka wakatapika maji.

Mkubwa wangu, mtu wa asili ya Unguja kama mie, aliusoma akanuna.

"Ufute. Hii historia ya marubani, si ya bwawa."

"Sidi, bila yeye tungekuwa na marubani wangapi?"

"Wataka nikuhamishie Salalah?"

Alijua pa kunibana. Salalah ni mwendo wa siku nzima kutoka kitandani kwangu. Nilikifikiria kitanda hicho, lakini mdomo wangu haujawahi kukisikiliza kitanda.

"Nihamishe, sidi. Siufuti."

Akanihamisha kweli. Mke wangu alinifungia mto wa kulalia, huku akinicheka: "Haya shujaa, na blanketi je?"

Kabla ya kuondoka niliupeleka mimi mwenyewe mswada kwa mpiga chapa, ukurasa wa mzamiaji ukiwa ndani. Huko Salalah nililala vibaya miezi sita, na sijutii hata usiku mmoja.