Rangi Isiyoonekana

Harufu ya thina, ile ya kuzimulia rangi, bado hunirudisha Lodwar, kwenye uwanja wetu, nikiwa na miaka tisa. Baba alikuwa fundi wa kupaka magari rangi. Kila alfajiri kabla hajapuliza, mimi ndiye niliyenyunyiza maji ardhini ili vumbi lilale, na tulikimbizana na upepo wa mchana unaoleta mchanga.

Siku moja tulikuwa na gari la Papa Fidèle, Mkongomani aliyebeba abiria kati ya makazi ya wakimbizi ya Kakuma na Kalobeyei. Alitaka rangi ya fedha, ile ya kumetameta. Ilipokauka, baba akafungua mkebe wa klia, vanishi angavu ya kupaka juu ya rangi.

"Kwa nini upake kitu kisichoonekana?" nikauliza.

"Nyeupe ya kawaida ina mng'ao wake, Nakiru. Hii ina chembe za alumini, tena ni laini. Bila klia, jua litaila."

"Umewahi kuiacha, ukaona?"

Alicheka. "Wewe utammaliza hata padri kwa maswali."

Sikuridhika. Baba alipoenda kuchuja klia, nilimnong'oneza Papa Fidèle kwamba klia ilikuwa kama maji tu. Niliona namsaidia.

"Baba Nakiru, acha ile!" akaita. "Gari iko muzuri. Nitaosha Kakuma, itang'aa yenyewe. Watu wananingoja."

Baba alimsihi mpaka akachoka, na gari likaondoka bila klia.

Baada ya miezi michache gari lilirudi. Paa lilikuwa limepauka kama ngozi isiyopakwa mafuta, na petroli iliyomwagika kwenye mdomo wa tangi ilikuwa imechubua rangi. Nilipitisha kidole, kikatoka na unga wa fedha.

"Kakuma muzima wananicheka," Papa Fidèle alisema. "Wanauliza, fundi wa Lodwar alipaka majivu?" Kisha akanitazama. Baba akanitazama pia, nami nikainamisha kichwa.

"Kosa ni langu, Papa," baba akasema upesi. "Sikukueleza vizuri. Liache gari, nitalipaka upya."

Mteja aliyekuwa akisubiri alisikia, akawasha gari lake na kuondoka. Wengine walimfuata.

Alfajiri iliyofuata baba aliniita ninyunyize maji, kama kawaida. Hakuniuliza lolote. Nawaambia ninyi, hata mama sijamwambia.

Miaka mingi baadaye, chuo kikuu kilinisifu kwa kudai ushahidi. Utotoni pia niliudai, nikaupata kidoleni. Sikujua kwamba nilikuwa nimefanya jaribio kwa kuhatarisha jina la baba, na kwamba alilibeba kosa langu kimya ili nisiogope kuuliza tena.