Kabureta ya Mjomba

Wazungu wa karanga, wale wa mradi wa mashamba makubwa, walipoanza kufungasha virago Nachingwea, waliacha nyuma vyuma vingi vilivyokufa, na watu wetu wakavigombea kama nyama ya Idi. Jirani mmoja alipata boneti ya trekta akaifanya mlango wa choo, na huyo ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote. Mjomba wangu, mkulima wa korosho na ufuta kule Mtua, alinunua gari.

Lilikuwa gari dogo lililotengenezwa kabla ya vita, rangi imebabuka, viti vinatoa manyoya. Mjomba alilijengea banda zuri kuliko jiko la mke wake. Kila Ijumaa alilipeleka msikitini, mwendo ambao kuku huumaliza akidonoadonoa, na baada ya swala alisimama karibu nalo mpaka kila mtu awe ameliona. Safari nyingine halikuwa nayo.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu miezi mitatu nyuma, nasubiri kupangiwa shule. Chuoni tulifundishwa habari za injini kwa muda mfupi, kwa picha ubaoni. Hiyo ilimtosha mjomba kutangaza kwamba mpwa wake ni injinia. Sikumkanusha. Niliogopa kumwaibisha, halafu nikaogopa kwamba nimeogopa, na nilipomaliza kuliwaza jambo hilo watu walikuwa wamekwisha kuamini.

Jumatatu moja baada ya adhuhuri akaja kijana na baiskeli kutoka Likunja, upande wa Ruangwa. Alileta habari kwa bibi yangu, mama yake mjomba. Kaka yake bibi, aliyebaki peke yake katika ndugu zake wa tumbo moja, alikuwa taabani. Hali chakula, anamtaja dada yake. Bibi hakulia. Aliingia ndani akatoka na kanga ya pili na kifurushi cha mihogo mikavu.

"Ninakwenda," akasema.

"Kwa miguu?" mjomba akauliza. "Mama yangu? Watu waseme mwenye gari kamwacha mama yake anakanyaga mchanga siku mbili? Kaa, mama. Jua halitazama hujafika."

Hata yule kijana akaambiwa asirudi na baiskeli yake; itafungwa juu ya gari naye apande kama bwana. Akafurahi, maskini. Gari likatolewa, likapigwa hendeli, likanguruma, likafika nyumba ya mwisho ya kijiji. Hapo likakohoa moshi mweusi na petroli ikaanza kumwagika chini ya injini. Tukalisukuma kurudi, bibi akiwa ndani ameshika kifurushi chake, kwa sababu mjomba alimkataza asishuke mbele za watu.

Ilikuwa kabureta. Ndani ya kabureta mna bakuli dogo la petroli, na ndani ya bakuli mna boya la shaba, tupu katikati. Petroli ikijaa, boya hupanda na kusukuma sindano inayoziba njia. Boya likitoboka hunywa petroli na kuzama. Njia hubaki wazi, injini ikapaliwa. Kutingisha boya sikioni kungetosha kunijulisha hilo. Mimi nikafungua kabureta yote. Nilitandika mkeka, nikapanga kila skrubu, nikazichora katika daftari na kuzipa namba, nikaosha jeti, vile vijibomba vya kupitishia petroli, kwa mafuta ya taa, kisha nikaziosha tena kwa kuwa sikuwa na hakika nimeziosha. Magharibi ikanikuta namba ishirini na tatu.

"Mume wangu," bibi akaniita, kama alivyonitania tangu utotoni, "hicho kidude unakitengeneza au unakihesabia sadaka?"

"Nataka kuwa na hakika, bibi."

"Kaka yangu naye anataka kuwa na hakika. Kwamba nakuja."

Asubuhi ya Jumanne mjomba akamleta fundi. Fundi huyu alifanya kazi miaka mitatu katika karakana ya matrekta ya Wazungu wa karanga, naye kwa maoni yake hakuna chombo duniani ambacho si trekta. Akautazama mkeka wangu.

"Mwalimu, umefungua duka?"

Nikachemsha maji nikalizamisha boya; mapovu yakatoka mahali padogo kama jicho la sisimizi. Kazi ilikuwa kukamua petroli iliyomo na kuweka tone moja la lehemu. Tone moja. Nilimwambia hivyo mara nne, nikamwambia pia kwamba petroli ikibaki ndani boya litatulipukia, nikamweleza na jinsi litakavyolipuka.

"Wewe nenda kafundishe a, e, i, o, u," akasema. "Kwenye matrekta tulilehemu mara moja, hairudiwi."

Akalehemu kama anayekandika ukuta. Boya likarudi mkononi mwangu likiwa na kinundu cha lehemu ubavuni, zito kama goroli la chuma. Hivyo ndivyo walivyokuwa mafundi wote wa karanga niliowajua: wamefundishwa juu ya vyuma vinene, basi wakaona wembamba wa kitu chochote ni kosa la aliyekitengeneza. Nilijua litazama. Nikanyamaza, kwa sababu mjomba alikuwa amekwisha kumsifu mbele za watu. Tukafunga kabureta mpaka alasiri. Gari likawaka, boya likazama kama jiwe, petroli ikatulowesha viatu.

"Petroli mbovu," fundi akasema.

"Petroli mbovu," mjomba akaitikia.

Bibi alikuwa ameketi kibarazani na kifurushi chake mapajani, siku nzima. Akasema safari hii anaondoka kweli. Mjomba akamwambia asimtie aibu. Yule mama alikuwa amezaa watoto saba na kuzika watatu, lakini aibu ya mwanawe mwenye gari ilimrudisha ndani. Ndiyo maana nasema wengi wetu hatukununua magari miaka ile. Magari ndiyo yaliyotununua.

Alfajiri ya Jumatano kitanda chake kilikuwa kitupu. Baiskeli nayo haikuwapo, wala kijana. Alikuwa amepanda nyuma, kwenye kile chuma cha kufungia magunia, mwanamke wa umri ule.

Mjomba hakuuliza kama mama yake atafika salama. Alisema, "Tumpate njiani kabla hajapita Mnero, kule watu wananijua."

Hapo fundi akaonyesha ujuzi wake wa mwisho. Akang'oa boneti, akatoa boya akalitupa, akafunga kopo la petroli juu ya kioo, akashusha mpira mwembamba mpaka kwenye kinywa cha kabureta. "Mtu akae kwenye madigadi," akasema, "abane na kuachia. Gari likikohoa, achia kidogo. Likitoa moshi mweusi, bana."

Mtu huyo nilikuwa mimi. Cheti changu cha chuo kilikuwa sandukuni, na mimi nimelala kifudifudi juu ya madigadi, petroli inanichoma vidole, nafanya kazi ya kipande cha shaba. Niliwaza moto. Niliwaza shimo. Niliwaza kwamba mkaguzi wa shule atapita na kuniona. Radieta ilichemka mara sita, mchanga ukatukamata mara mbili, na giza likatushika Mnero tukalala kwa watu, ambako mjomba alieleza kwamba tumesafiri taratibu kwa kupenda.

Alhamisi asubuhi tukaingia Likunja. Mjomba akaanza kupiga honi tangu mwanzo wa mashamba, honi ndefu za furaha, ili kijiji kitoke kipokee gari. Na kijiji kikatoka. Nilikuwa mbele kabisa, basi nikawaona kabla yake: wanaume wamejipanga njiani, kofia kichwani, jeneza begani limefunikwa nguo ya kijani. Walikuwa wanaanza kutupisha. Waliokuwa mbele walikwisha kuingia kwenye nyasi na mzigo wao, kwa ajili ya honi ile.

Sikuwaza kitu. Niliubana mpira kwa mikono miwili mpaka gari likafa.

Tukashuka, tukawafuata kwa miguu mpaka makaburini. Fundi naye alifuata.

Bibi nilimkuta baadaye ndani, miongoni mwa wanawake, amenyoosha miguu. Ilikuwa imevimba kama viazi. Nikapiga magoti kumpa pole, nikaanza kumweleza habari za lehemu, uzito wa boya, na jinsi ningeweza kusema nikanyamaza. Akanikatiza.

"Nilimwahi, mume wangu. Nilifika jana jioni akanijua. Tuliongea mpaka akachoka mwenyewe."

"Alisema nini?"

"Aliniuliza mbona miguu imevimba hivi. Nikamwambia mwanangu ana gari." Akajifunika kanga mdomoni. "Alicheka, huyo mgonjwa, mpaka nikaogopa."