Salamu za Baba Mahakamani

Baba yangu hakuwahi kushindwa na salamu. Akili ilipoanza kumtoka ilichukua majina ya watu, ikachukua njia ya kisimani, ikachukua hata msiba wa mama, lakini salamu ikamwachia. Mtu akifika mlangoni, baba alisimama na fimbo yake, akaitikia shikamoo, akauliza habari za watoto, za mifugo, za mvua ya huko mgeni alikotoka, na kila jibu akalisubiri. Sisi Wanyaturu tunasalimiana kwa kirefu. Mzee anayesalimiana vizuri hivyo, nani atamwita mgonjwa?

Nilimwita mimi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sijaolewa, mtoto pekee aliyebaki hai kwa baba na mama. Tulikuwa na mwaka mmoja tu tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa. Nyumba yetu ya zamani ya tembe ilikuwa imebomolewa kule mlimani, na kila asubuhi baba alitoka kwenda kuitafuta. Majirani walinituliza kwamba mzee anakumbuka kwao, atazoea. Hakuzoea. Alirudi miguu imechanwa na miiba, mara nyingine kashikwa mkono na mtu asiyemjua, huku akimuuliza habari za mvua.

Kilichoninyima usingizi ni ng'ombe. Baba alikuwa nao kumi na tisa, na hao ndio waliokuwa chakula chake, dawa yake na heshima yake. Kumpeleka ng'ombe mnadani kulihitaji cheti cha ofisi ya kijiji chenye dole gumba la mwenye mali. Basi nikiwa darasani, wanaume walikuja nyumbani na vyeti vilivyokwisha kujazwa. Walimsalimu. Baba alifurahi kupata wa kusalimiana naye, na salamu zilipokwisha aliweka dole popote alipoonyeshwa. Nikirudi jioni nakuta kidole kina wino wa zambarau na zizi limepungua.

"Baba, leo nani alikuja?"

"Mgeni," ananijibu. "Mtu mzuri sana."

Miongoni mwa watu wazuri hao alikuwemo baba mdogo, ndugu yake wa tumbo moja. Nilimfuata kwake, nikapiga magoti, nikamwamkia kama inavyotakiwa, kisha nikamuuliza kuhusu ng'ombe wawili wa mwisho kuondoka. Hakuona haya hata kidogo.

"Kaka kanipa mwenyewe," alisema. "Wewe ni binti. Leo kesho unaolewa. Ng'ombe wa babu yetu wakalale zizi la watu?"

Nilikwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi. Alikuja, akakaa na baba, wakasalimiana mpaka kivuli cha nyumba kikahama, kisha akatoka nje akitikisa kichwa. "Mwalimu, huyu mzee yuko timamu kuliko mimi." Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, naye akaja, akasalimiwa, akaondoka ameridhika. Nilitaka kupiga mayowe. Nilitaka mmoja wao amuulize baba jana alikula nini, au mke wake yuko wapi, lakini kwetu mtu mdogo hamhoji mzee maswali ya namna hiyo. Unamsalimu, unaondoka.

Ikabaki mahakama ya mwanzo. Hakimu alikuwa mgeni kutoka mkoa mwingine, mtu mpole, na alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ndugu Mwalimu," alisema, "mzee angekuwa marehemu, kazi ingekuwa rahisi. Ukoo ungekaa, ungeniletea muhtasari, ningekuandika msimamizi. Lakini huyu wako anapumua. Mlete nimwone. Nikiridhika kwamba hajitambui, nitatoa amri: ng'ombe wake hatoki zizini bila dole lako wewe."

Amri hiyo ndiyo niliyoitaka kuliko kitu chochote duniani. Nami ndimi niliyeiharibu.

Tangu msimu wa mavuno baba alikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu. Asubuhi moja nilimpelekea uji, akavua kofia, akainamisha kichwa mbele yangu, akasema, "Shikamoo, mama." Nilimziba mdomo kwa kiganja. Nilitazama mlangoni kama kuna aliyesikia. Mzazi kumwamkia mtoto wake wa kumzaa! Wangesema nimemlisha dawa nimtawale, na baba mdogo angekuwa wa kwanza kulisema hilo. Kesho yake akarudia, na keshokutwa. Nikagundua kwamba nikimuwahi mimi, nikisema shikamoo kabla hajafungua kinywa, ulimi wake unafuata njia yake ya zamani na anaitikia vizuri kabisa: "Marahaba, mwanangu." Basi ikawa kazi yangu kumuwahi. Alipotoka ndani nilimuwahi. Mbele za watu nilimuwahi kutoka mbali, kwa sauti kubwa. Watu wakanisifu kwamba mwalimu ana adabu, kasoma lakini hajasahau.

Siku ya kwanza mahakamani nilimuwahi vilevile. Kweli nasema, sikufikiri. Baba aliingia, midomo yake ikaanza kutikisika, nami nikaruka, "Shikamoo, baba!" Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Akawasalimu wazee wa baraza waliokaa na hakimu, akamsalimu hakimu, akamuuliza kwao mvua imenyesha? Hakimu akamuuliza ng'ombe wako wapi. "Wako malishoni," alijibu, na saa ile ya asubuhi ng'ombe wa kila mtu walikuwa malishoni. Watu wakacheka kwa raha. Baba mdogo alicheka kuliko wote.

Hakimu alinitazama kwa huruma, na huruma hiyo iliniuma. Aliahirisha shauri kwa wiki mbili, akasema nikija tena nije na cha kumwonyesha. Baba mdogo akaomba kaka yake akae kwake mpaka siku hiyo, na wazee wa baraza wakaona ni sawa, kwa kuwa mimi nashinda shuleni.

Sijui niziseme vipi wiki mbili hizo. Kila siku ya mnada nilisimama dirishani mwa darasa nikatazama vumbi la barabarani, nikihesabu ng'ombe wa watu. Nilimwona yule jike mwenye baka jeupe usoni, ambaye maziwa yake baba aliyanywa kila jioni, akiswagwa na kijana nisiyemjua. Nilitoka mbio, wanafunzi wakabaki wananishangaa. Kijana alinionyesha cheti. Dole la baba lilikuwa pale, limekolea wino. Nilikaa chini kando ya barabara na gauni langu la kazini, nikalia mbele ya watu wanaokwenda mnadani. Walibaki ng'ombe saba. Jioni ile, nikisahihisha madaftari, nilijikuta namwombea baba afe. Nilimwomba Mungu kabisa, kwa maneno, ili ukoo ukae, nami nipate karatasi. Nilipojisikia ninachokisema niliweka kalamu chini, na hapo ndipo nilipojua nitafanya nini.

Siku ya pili mahakama ilijaa. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele karibu na ndugu yake, kakonda, shati limefungwa vifungo vya kupishana. Nilipita mlangoni, nikamsalimu hakimu, nikawasalimu wazee wa baraza na baba mdogo. Kisha nikasimama mbele ya baba yangu na kunyamaza.

Watu waliona. Mama mmoja aliguna. Mzee wa baraza akasema, "Mwalimu, hujamwamkia baba yako." Nilibana midomo. Nimefundisha watoto wa watu miaka mingi kwamba mkubwa huamkiwa, na nilikuwa nimesimama pale mikono nyuma, shingo imekaza, nasubiri. Nilimwona baba akinitazama usoni, akitafuta mimi ni nani. Nilimwona akipata jibu lake. Akaegemea fimbo akanyanyuka, akavua kofia, akainama mpaka nikaona upara wake.

"Shikamoo, mama."

Hakuna aliyecheka. Baba mdogo alimshika shati amkalishe, baba akauondoa mkono wake. Alikuwa hajaitikiwa, na yeye hakuwa mtu wa kukaa kabla salamu haijaitikiwa. Akasema tena, kwa sauti ya mtoto aliyekosa na hajui kosa lake, "Shikamoo, mama." Karani aliacha kuandika. Hakimu aliinamisha macho. Nilitamani mtu yeyote mwingine aitikie, lakini salamu ilikuwa yangu.

"Marahaba," nikasema.

Uso wake ulilegea. Akakaa, akavaa kofia yake, akamgeukia ndugu yake na kumuuliza habari za mvua.

Amri ilitolewa siku ileile, ikapigwa muhuri. Ng'ombe saba walibaki na hakuna hata mmoja aliyetoka zizini bila dole langu mpaka baba alipofariki, miaka minne baadaye. Kijijini hakuna aliyenisifu tena adabu, wala sikuwalaumu.

Jioni ya siku ile nilirudi na baba nyumbani, nikiwa nimemshika mkono, karatasi iko kifuani ndani ya gauni. Nilimkalisha kwenye kigoda chake. Nikafunga mlango, nikapiga magoti miguuni pake, nikasema kile nilichomnyima mbele za watu. "Shikamoo, baba."

Nilikuwa nimemuwahi. Nilingoja ulimi wake ufuate njia yake ya zamani. Aliniangalia kwa woga, akavuta miguu yake nyuma.

"Mama," alisema, "usinitanie. Mimi ni mtoto."