Fundi wa Mfuko wa Kumi na Nane

Saa tatu kasorobo asubuhi, mwanamume mmoja maarufu amesimama juu ya kistuli, mikono kainyoosha kando kama shati lililoanikwa. Hathubutu kupumua kwa nguvu. Koti alilovaa lina pini arobaini na tatu, na aliyezichomeka hana haraka ya kuzitoa.

"Usigeuke," fundi anamwambia. "Ukigeuka utajichoma mwenyewe, halafu uende kusema nimekuonea."

Huyo juu ya kistuli ni mchekeshaji ambaye mji mzima unamwita Mzee Mifuko, ingawa hata miaka hamsini hajafika. Anayemzunguka na chaki mkononi ni mshonaji wa koti lake, mwanamke wa miaka hamsini na miwili anayejulikana mtaani kwa jina la Mama Futi, kwa sababu ile futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda msibani.

Nje ya dirisha, kwenye ukuta wa jirani, limeandikwa neno moja kwa rangi nyekundu: HATUCHEKI. Neno hilo aliandikiwa Mzee Mifuko. Lakini tangu liandikwe, katika mtaa huu aliyekiona cha moto ni Mama Futi.

Kila baada ya muda anachungulia mlangoni. Anamsubiri dada yake, ambaye hajakanyaga kizingiti hiki kwa miezi saba.

Chumba cha kazi ni kile cha mbele cha nyumba yake. Kuna vyerehani viwili, kimoja cha umeme na kimoja cha kukanyaga, ambacho mwenyewe anakisifu kwamba hakijawahi kusingizia kwamba umeme umekatika. Meza ya pasi imetandikwa blanketi kuukuu. Kioo kirefu kimemeguka pembe ya chini, na wateja wafupi ndio wanaolalamika.

Ameshona kwa miaka ishirini na minane. Alianza kwa kumsaidia mtengeneza magodoro, akishona foronya hadi vidole vikawa sugu. Mzee Mifuko alimjia miaka kumi na moja iliyopita akiwa na koti moja lililochanika kwapa, na ombi ambalo hakuna fundi mwingine aliyekuwa tayari kulisikiliza.

"Alitaka mfuko wa kuwekea yai bichi, aruke nalo jukwaani lisivunjike," anakumbuka Mama Futi. "Wenzangu watatu walishamfukuza. Mimi nikamwambia, lete yai. Tulivunja karibu trei nzima, la thelathini likapona."

Leo koti lina mifuko kumi na saba. Upo wenye mpira ndani, wa kutilia maji. Upo wa mwavuli wa kukunja, upo wa saa ya mezani inayolia katikati ya hotuba, na upo mmoja mgongoni ambao Mzee Mifuko mwenyewe haufikii, ndiyo maana watu huvunjika mbavu akihangaika kuufikia. Mingine yote lazima mkono uipate bila macho, tena gizani, tena mtu akikimbia.

"Mkono wake naujua kuliko mkewe anavyoujua," anasema, na juu ya kistuli mwenye mkono anataka kucheka, pini inamkanya.

Kwa miaka yote hiyo Mama Futi alikuwa na kiti chake ukumbini, safu ya pili, namba saba, bila kulipa. Akikaa hapo hakuwa akimtazama mchekeshaji. Alikuwa akitazama mishono yake ikifanya kazi.

Kisha likaja suala la vibanda.

Miezi minane iliyopita halmashauri ya mji ilipeleka tingatinga barabara kuu na kuvunja vibanda vyote vya pembeni. Kimoja kilikuwa cha dada yake Mama Futi, ambaye kwa miaka kumi na tisa aliuza hapo ndoo, mafagio na kamba za kuanikia nguo. Alifika asubuhi, ufunguo mkononi, akakuta hakuna cha kufungua. Siku hizi anatandika nailoni mlangoni kwake na kupanga ndoo sita. Akipata mteja mmoja kutwa, hushukuru.

Wiki iliyofuata, Mzee Mifuko alialikwa redioni. Akaulizwa anaonaje. Akasema anawaunga mkono waliovunja, na kwamba uchaguzi ukifika atampigia debe mheshimiwa aliyetoa amri. Hapo angeweza kuishia. Lakini mdomo wa mchekeshaji haujui kituo, akaongeza: "Wale hawakuwa wakisubiri wateja. Walikuwa wakisubiri huruma."

Kufikia jioni, ukuta ulikuwa umeshapakwa rangi.

Mji ukagawanyika. Wengine walisema msanii ni raia kama wewe na mimi, aseme atakalo. Wengine wakasema sawa, aseme, na sisi tusicheke. Kuna kundi lililokwenda mbali zaidi: watu arobaini walikata tiketi, wakaketi safu tatu za mbele, wakanuna saa nzima. Aliyeponyokwa na kicheko alifinywa na jirani yake.

"Walimsusia kwa kumlipa," anasema Mama Futi, na hapo anacheka mpaka anashika meza. "Hiyo ndiyo nzuri kuliko vichekesho vyake vyote."

Yeye hakuhitaji kuambiwa na ukuta. Kesho yake baada ya maneno ya redioni alikirudisha kiti namba saba, akamwambia msimamizi wa ukumbi atafute mtu mwingine wa kukikalia. Tangu siku hiyo hajakanyaga ukumbini. Lakini koti alipoletewa likiwa limefumuka bega, alilishona.

Hapo ndipo mtaa ulipomgeukia. Kwaya iliyokuwa imeagiza majoho ishirini na manne ililifuta agizo lake, kwa adabu, kwa barua. Nguo zilizokuwa zikifika thelathini kwa wiki zikashuka hadi kumi na moja. Waliompitia walimtupia methali badala ya salamu: mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Hayo yote anasema aliyameza. Kilichomkwama kooni ni dada yake.

Mama yao alifariki mapema, na dada huyo ndiye aliyemlea. Ndiye aliyemnunulia mkasi wa kwanza, kwa faida aliyopata akitembeza mafagio, kabla hajapata kibanda. Alikuja siku moja akakuta koti la mifuko liko mezani, kola imechorwa chaki, hata hakuketi.

"Amesema sisi ni ombaomba," alisema, "na wewe unamshonea mifuko."

"Dada, mimi sicheki naye tena. Kiti nimerudisha. Kicheko changu ni changu, nimemnyima. Lakini hii ni kazi."

"Kazi?" dada akamjibu. "Mwenye tingatinga naye alisema hivyo hivyo, mdogo wangu. Nilimwomba angoje nitoe ndoo zangu. Akaniambia, mama, hii ni kazi."

Akaondoka. Mama Futi anasema alikaa na ule mkasi mkononi hadi chai ikapoa.

"Nilitafuta tofauti yangu na yule wa tingatinga," anasema taratibu. "Nikaona ni moja tu. Yeye aliyempa amri hakuwepo pale. Mimi wangu anasimama mbele yangu, amevua viatu, hawezi kwenda popote. Na miezi yote hiyo nilikuwa nimebana pini mdomoni, nimenyamaza."

Basi wiki tatu zilizopita, siku ya kujaribu nguo, Mama Futi alizitoa pini zote mdomoni, akazichomeka zote kwenye koti, kuanzia kola hadi pindo, hata pasipohitaji. Ndipo akaanza kusema.

Mzee Mifuko anaikumbuka siku hiyo vizuri. "Nilitaka kushuka," anakiri kutoka juu ya kistuli. "Nikainua mguu, nikachomwa mahali ambapo siwezi kupataja kwenye gazeti."

Mama Futi alimweleza kila kitu: ndoo, mafagio, miaka kumi na tisa, mkasi. Naye, kwa kuwa hakuwa na njia ya kukimbia, akajibu jambo ambalo redioni hakulisema. Mama yake mzazi alizidiwa mwaka juzi, na gari la wagonjwa lilikwama barabara ileile, katikati ya vibanda, kwa dakika hamsini. Alifika hospitali akiwa hai, hakuondoka akiwa hai.

Mama Futi alitoa pini mbili, za kwapani, zile zilizokuwa zikimuumiza.

"Pole sana," alimwambia. "Kwa barabara, sasa nakuelewa, hata kama sikubaliani nawe. Kwa lile neno la huruma, sikuelewi. Mama yako hakuuawa na fagio la dada yangu."

Hakuna kilichotengenezeka siku ile. Mchekeshaji hakuomba radhi, naye fundi hakumwachia koti nusu. Lakini tangu hapo kila akija, pini zinakuwa nyingi na mazungumzo yanakuwa marefu. Mama Futi alimwandikia dada yake habari za gari la wagonjwa, na tangu hapo kila jioni amekuwa akimtumia ujumbe uleule: "Njoo umwambie mwenyewe. Atakuwa amesimama, hawezi kukimbia."

Wiki tatu hakukuwa na jibu. Jana usiku likaja, neno moja: "Saa ngapi?"

Saa tatu na dakika kumi, kivuli kinaziba mlango. Ni mwanamke mrefu wa miaka sitini na kitu, kitambaa amekifunga kwa kukaza. Anaingia bila kubisha, kama mtu anayeijua nyumba. Mdogo wake anaanza kuvuta kiti.

"Sikuja kukaa," anasema.

Anamtazama mtu aliye juu ya kistuli kuanzia vidole vya miguu. Bila jukwaa, bila taa, na soksi moja imetoboka, Mzee Mifuko anaonekana mdogo.

"Shikamoo mama," anasema.

Dada anaiacha salamu ining'inie kidogo, kisha anaipokea, kwa sababu amelelewa. "Marahaba. Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi."

"Nimeambiwa ya mama yako. Pole. Ningejua siku ile, kibanda ningekisukuma mwenyewe gari lipite. Sote tungekisukuma. Lakini hakuna aliyetuuliza, wala wewe hukutuuliza. Ulitucheka tu."

Mchekeshaji anafungua mdomo. Dada anainua kiganja.

"Sijamaliza. Miaka kumi na tisa, hakuna siku niliyomwomba mtu huruma. Niliomba chenji tu."

Anafungua fundo kwenye ncha ya kanga yake na kutoa ufunguo mdogo wa kufuli, wa shaba, umesuguliwa na vidole hadi namba zake zimefutika. Anauweka kwenye kiganja cha Mzee Mifuko, kile kilichonyooshwa tangu alipopanda kistuli.

"Kufuli lilikwenda na tingatinga, huu ukabaki. Nimechoka kutembea nao. Wewe una mifuko mingi."

Cherehani cha umeme, kilichoachwa kimewashwa, kinanguruma peke yake. Mwanamume anayeishi kwa kujibu haraka anautazama ufunguo, machozi yamemjaa, na hawezi hata kuyafuta kwa sababu kiwiko kimezungukwa na pini.

Mwishowe anasema, "Fundi. Nishonee mfuko wake."

"Wapi?"

"Pale ambapo mkono utaupata."

Mama Futi anachukua chaki. Anachora mstari upande wa kushoto, ndani, chini kidogo ya moyo, mahali ambapo kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuweka kitu kwa sababu mkono unapita hapo kila unapokwenda kwingine. Jukwaani hataweza kuchukua hata yai bila kuugusa.

Dada anatazama kazi hiyo mpaka mstari unaisha. Kisha, bila kuliangalia tena koti wala mwenye koti, anavuta kile kiti alichokikataa na kuketi.

"Chai ya nyumba hii bado ina sukari kidogo?" anauliza.

"Ulinifundisha wewe kubana matumizi, dada," Mama Futi anajibu, na tayari anatafuta birika.

Mzee Mifuko anapanda jukwaani Jumamosi hii. Hakuahidi kwamba atautoa ufunguo, wala atasema nini akiutoa. Kuhusu barabara, anasema, hajabadili mawazo. Dada naye hajabadili yake: kumchekea bado hamchekei, na tiketi hakati ng'o. Atasimama nje ya ukumbi, upande wa dirisha lenye kioo kilichovunjika, asikilize.

Mama Futi yeye amekata tiketi, ya kwanza kuilipia maishani mwake, kiti cha nyuma karibu na mlango. Kazi bado haijarudi ilivyokuwa, ingawa mtu mmoja wa kwaya alipita juzi akauliza, kana kwamba anaulizia hali ya hewa, kama vitambaa vya majoho bado vipo. Vipo. Amevikunja juu ya kabati.

Anakaa kwenye cherehani cha kukanyaga, kwa sababu mfuko huu, anasema, hautaki haraka ya umeme. Anaushona mara mbili kuuzunguka. Anakata uzi kwa meno na kuupitisha mkono ndani, kuhakikisha.

"Mifuko kumi na saba nimeishona ili watu wacheke," anasema. "Huu namwomba Mungu wanyamaze."