Kiti Kilichoachwa Vide

Juzi binti yangu aliangusha chupa ya chai, na mlio wa vioo vyake ukanirudisha sebuleni kwetu Gihosha, wakati wa vita.

Kaka yangu, aliyesoma fizikia chuo kikuu, alikuwa amenieleza chupa kama hiyo: "Katikati ya vile vioo viwili hamuna kitu, ata hewa. Iko vide. Njo hiyo inachunga chai moto." Kisha asubuhi moja alikwenda chuoni, hakurudi.

Wiki kadhaa baadaye, alasiri moja, shangazi alikuja kutupa pole, nguo zake zikinuka moshi wa mkaa. Alipotaka kukalia kiti cha kaka, mama alimshika mkono.

"Apana, wifi. Hapo tunaachaka vide."

Hapo nikaelewa: mama alikuwa anachunga joto la kaka. Walipokwenda uani niliweka kiganja juu ya kiti. Kilikuwa moto.

Sasa najua lilikuwa jua la dirishani. Najua pia kwamba chai ya kwenye chupa hupoa, ila polepole. Lakini kila nikimtembelea mama, kabla sijaketi, nakigusa kile kiti.