Fundi Aliyefuturu Kwetu

Fundi yule hatukumwita. Alibisha hodi mwenyewe nyumbani kwetu Mbagala, magharibi ya Ramadhani, akasema ameona kutoka barabarani kwamba bati la chumba cha mama limeoza. Kwetu mtu akikukuta unafuturu humwachi mlangoni. Mama akamkaribisha mkekani, akala nasi mihogo ya nazi na uji wa pilipili manga. Hapo ndipo tulipojifunga wenyewe.

Kesho yake, nikiwa kazini, akapanda juu kuangalia tu. Niliporudi chumba cha mama kilikuwa wazi mpaka mbinguni. Mabati yote kayapakia kwenye guta kayapeleka Chang'ombe, eti akanunue mapya ya urefu ule ule. Hakurudi.

Mimi nina hasira za karibu. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akanieleza taratibu: fundi kajileta mlangoni, mkataba hakuna, bei hamkukubaliana, basi mna haki ya kumkataa na kumtaka airudishe nyumba alivyoikuta. Nikarudi mbio kumwambia mama.

"Nimshitaki mtu aliyefuturu kwangu?" mama akauliza. "Si itakuwa namsimanga chakula?"

Nikaleta fundi mwingine. Akazitazama mbao, akatikisa kichwa. "Kazi ya mwenzangu siigusi, sista. Aseme mwenyewe kaiacha." Nilimuuliza nyumba ni ya mwenzake au ya mama yangu. Akachukua begi lake akaondoka. Sheria ilikuwa upande wetu na mama alikuwa analala chini ya turubai. Nilijiona kama kuku aliyefungwa miguu, mbawa ninazo na siendi popote.

Masika ikaingia. Asubuhi moja turubai likaelemewa na maji, likachanika, godoro lote likalowa. Nilimpigia yule fundi wa kwanza kwa namba aliyomwachia mama, nikaweka spika, nikampa mama simu. Nikamwambia nyumba ni yako, mwambie hatumtaki tena, arudishe mabati leo hii. Mama akakubali.

Fundi akapokea kwa sauti ya chini. "Mama yangu, mie niko msibani. Mama mkwe katutoka."

Nyuma yake singeli, muziki wa sherehe, ilikuwa inalia. Mama aliisikia kama nilivyoisikia, akanitazama. Maji yalikuwa yanamdondokea begani, kanga imemganda mwilini.

"Pole sana, baba," akasema. "Mfikishie mkeo pole zangu."